Bomba Lisilojaa

Mume wa dada yangu alikamatwa kwa kosa la kuiba maji, na shahidi mkuu dhidi yake alikuwa mita.

Mita hiyo ilifungwa kwenye bomba kuu linaloteremka kutoka kwenye tangi la kilimani kwenda Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi nje ya Kakuma. Si mita ya gurudumu linalozunguka ndani ya maji. Ni vichwa viwili vidogo vya chuma, kila kimoja kama kiberiti, vinavyofungwa kwa mkanda nje ya bomba. Kimoja hutuma sauti ambayo sikio halisikii. Hiyo sauti hupenya chuma, ikavuka maji, ikapokelewa na mwenzake, naye akairudisha. Sauti inayokwenda na maji hufika mapema kuliko ile inayopambana nayo, na kwa tofauti hiyo mashine hujua maji yanakimbia kasi gani. Ndiyo kazi yangu. Nimeajiriwa na kampuni ndogo pale Lodwar, napima maji bila kutoboa bomba la mtu.

Mita ile hatukuifunga sisi. Waliifunga wengine, wakaondoka, nayo ikabaki ikisema kwamba maji mengi yanatoka tangini kila siku. Kule vituoni yalifika kidogo. Mitungi ya njano ilipangwa foleni tangu alfajiri, na jua likipanda bado ilikuwa pale pale, mingine imefungwa mawe isipeperushwe na upepo. Na katikati ya tangi na vituo, pande zote za bomba, wanaishi wafugaji wa kwetu. Kila mtu aliijua hesabu hiyo bila kwenda shule. Maji yametoka, maji hayajafika, basi walioko njiani wameyanywa.

Askari wakalifuata bomba. Walimkuta shemeji yangu ameweka karai chini ya vali ya kutolea hewa, ile inayodondosha, na mbuzi wake wamelizunguka. Wakamchukua yeye na karai.

Dada aliponipigia sauti yake ilikuwa kavu. "Mashine yenu imesema ni sisi," aliniambia.

"Si yetu, dada. Ni ya watu wengine."

"Wewe si mtu wa mashine? Basi ni yenu."

Siku hiyo hiyo injinia wetu aliniita ofisini. Tulikuwa tumeombwa twende tukahakiki ile mita kwa mita yetu ya kubeba. Alijua habari za shemeji. Lodwar habari hazilali njiani. Aliisukuma miwani kwenye paji la uso.

"Ningeweza kukutuma Kalokol ukapime pampu, Kakuma niende mwenyewe," alisema. "Lakini nina mkutano na kaunti na siwezi kuukwepa. Mita ikisema ameiba, utaandika ameiba?"

"Nitaandika ilichosema."

"Haya. Nenda."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye msimamo, kisha nikaenda nyuma ya ofisi nikashika ukuta.

Nilipofika Kakuma nilipita kituo cha polisi kwanza. Askari wa kaunta aliniruhusu nizungumze na shemeji kupitia nondo. Alikuwa amechuchumaa, kigoda chake hana, fimbo yake hana, na bila vitu hivyo viwili, ambavyo mwanamume wa kwetu hutembea navyo, alionekana kama mzee, ingawa si mzee.

"Ejok," nilimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi. Umekuja kunipima?"

Sikujua kama ni utani. "Nimekuja kupima bomba."

"Mbuzi walikuwa wanalamba ile vali," alisema. "Walikuwa wanalamba chuma. Nikaweka karai ili matone yasiende mchangani. Kama hilo ni wizi, basi mimi ni mwizi." Nilipoaga hakuitika.

Watu wa Kalobeyei walikuwa wameshasikia kwamba fundi anayekuja ni Mturkana, tena ni shemeji wa mshukiwa. Hawakukosea kuogopa. Kwa hiyo nilipofika wakanipa shahidi wa kufuatana naye: mama mmoja Mkongomani, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kituo chake. Alikuwa mwanamke mnene wa kitenge cha kijani, rozari shingoni, na miguu iliyovimba kwa kusimama. Alipanda pikapu akafunga mlango kwa nguvu.

"Dada, sikudanganye," alisema kwa Kiswahili chao. "Batu banasema tukikuacha peke yako utaficha bandugu yako. Mi nitakaa karibu na weye, nione kila kitu."

"Karibu, mama."

"Batoto bangu banalala na kiu. Sikuje kucheka."

Tukapanda hadi kwenye tangi. Bomba la chuma hutoka chini ya tangi, likatambaa juu ya mawe likiteremka, kabla ya kuzama ardhini. Wanawake wa kwetu walisimama mbali wakitutazama, shanga shingoni, mikono mitupu. Niliwasalimu. Mmoja, ambaye mama yangu alimjua, alitema mate kando. "Umemleta na mkimbizi aje akusaidie kutushtaki," alisema kwa Kiturkana. Sikumtafsiria mama yule. Nadhani alielewa.

Nikakwangua rangi hadi chuma king'ae. Nikapaka grisi, kwa sababu sauti haipiti hewani. Pasipo grisi kati ya kichwa na bomba, mashine ni kiziwi. Lakini jua la Turkana halijui mambo hayo. Bomba lilikuwa la moto kiasi cha kuunguza kiganja, na grisi ikawa mafuta, ikatiririka, vichwa vikateleza. Nilifunga, vikateleza. Nikalowesha gunia kwa maji yangu ya kunywa nikalifunika bomba lipoe. Mama yule aliyaona maji yale yakikauka juu ya chuma, akageuza uso.

Hatimaye mashine ikasikia. Namba ikatulia. Niliisoma, nikazima, nikawasha, nikaisoma tena. Ilikuwa sawasawa na ya ile mita ya kwanza.

Mama alichungulia begani kwangu. Alikuwa amenakili namba ya mita ya kwanza kwenye kiganja chake kwa kalamu, akazilinganisha.

"Basi," alisema polepole. "Njo bao."

Ndio wao. Nilikaa kwenye kivuli cha pikapu na kifaa mapajani. Niliwaza dada yangu. Niliwaza maneno niliyomwambia injinia, kwamba nitaandika ilichosema. Mama alikuwa amekwisha kutoa simu, anawaambia watu wake, na hata bila kukijua Kifaransa alichochanganya nilijua anachosema. Baadaye nilisikia kilichofuata kule: vijana walisema kesho watakuja na majembe walifukue bomba lote mpaka walione tundu. Na wafugaji waliposikia, walisema atakayekuja kuchimba nyumbani kwao atawakuta. Kwetu neno hilo halisemwi na mtu aliyeacha bunduki nyumbani.

Nikampigia injinia. Alitoka nje ya mkutano wake. Nilisikia upepo wa Lodwar kwenye simu.

"Grisi?" aliuliza.

"Iko."

"Nguvu ya sauti?"

"Hafifu kidogo, lakini inatosha."

"Umefunga upande gani wa bomba?"

"Ubavuni. Juu hewa hukusanyika, chini matope. Si ndivyo inavyotakiwa?"

"Ndivyo. Ndivyo inavyotakiwa, bomba likiwa limejaa. Hapo bomba linateremka?"

"Linateremka kutoka tangini."

"Na tangi limejaa?"

Nilitazama juu. Tangi halikuwa na kioo cha kuonyesha. Hakuna aliyewahi kuniambia limejaa. Sote tulidhani tu, kwa sababu mita ilisema maji mengi yanatoka. Nikasema, "Ngoja," nikaikata simu bila adabu.

Nilikwangua upya, safari hii juu kabisa, kwenye mgongo wa bomba. Nikapoza, nikapaka grisi, nikafunga. Mashine ikawa kiziwi. Hakuna sauti hata chembe. Nikaogopa kwamba ni uchafu, nikasafisha tena kwa sandpepa hadi vidole vikavuja damu, nikarudia. Kiziwi. Nikavishusha vichwa ubavuni, na sauti ikarudi kama kawaida.

"Unafanya nini?" mama aliuliza. Alikuwa ameiweka simu.

Nilichora duara mchangani, nikalikata kwa mstari karibu na juu. "Hili ni bomba. Maji yako hapa chini, yanakimbia. Hapa juu ni hewa. Ukifunga ubavuni, sauti inapita kwenye maji, mashine inaona maji yanakimbia vizuri. Lakini haijui bomba halijajaa. Inachukua ile kasi inaizidisha na upana wote wa bomba, pamoja na hewa. Inahesabu hewa kama maji."

"Basi mashine inadanganya," alisema.

"Inadanganya."

"Na bandugu yako?"

Mita kusema uongo hakukuthibitisha kwamba shemeji amesema kweli. Labda hewa iko, na wizi pia uko. Nilihitaji mahali ambapo bomba haliwezi kuwa na hewa, nipime pale, kisha nilinganishe na kile kinachotoka vituoni. Na nilipajua. Chini, kabla ya Kalobeyei, bomba linavuka laga, yaani mto wa mchanga usio na maji ila mvua ikinyesha mbali. Pale linazama chini ya mchanga na kupanda ng'ambo. Katika bonde lile maji lazima yajaze bomba, yapende yasipende, ndipo yapande.

Lakini ilibidi kuchimba, na kuchimba ndiko kulikokuwa kumekatazwa.

Asubuhi iliyofuata nilimpitia mama yule mapema, kabla vijana wake hawajakusanyika. Aliwaambia wangoje hadi arudi. Kwa upande wa kwetu, dada yangu ndiye aliyekuja. Alitokea kwenye miiba na jembe begani, akapita mbele yangu bila kunisalimu, akaanza kuchimba. Sikumwita, nilikuwa nimemtumia ujumbe tu kwamba nitakuwa pale. Wafugaji walikaa ukingoni mwa laga wakitazama. Nadhani hawakutaka kumfyatulia risasi mke wa mtu wao, na hilo pekee ndilo lililotulinda.

Tulichimba sisi watatu. Mchanga ulirudi shimoni kila tulipoutoa. Dada hajui Kiswahili kingi, na mama hajui Kiturkana hata kidogo, kwa hiyo walizungumza kupitia kwangu, bila kutazamana.

"Muulize kama watoto wake wanakunywa," dada alisema.

Nikamuuliza.

"Mwambie banakunywa asubuhi. Mangaribi hapana. Na yeye, mbuzi yake banakunywa?"

"Mwambie waliolamba vali wako hai," dada alijibu. "Waliobaki nimewachuna ngozi."

Wakaendelea kuchimba.

Bomba lilipojitokeza lilikuwa limeliwa na kutu. Nililisafisha, nikapaka grisi, nikafunga vichwa. Kiziwi. Nikavisogeza mbele. Kiziwi. Nikavirudisha nyuma, nikavibana, nikaongeza grisi, nikaomba kimoyomoyo kwa maneno ambayo sikuwa nimeyatumia tangu kipaimara. Kiziwi. Jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu na ukingoni watu walikuwa wameongezeka. Vijana wa Kalobeyei walikuwa wamechoka kungoja, na sasa walikuwepo wa pande zote mbili, kila kundi upande wake wa laga. Nilisikia mtu akicheka. Nilijua kwamba nikipanda kutoka kwenye shimo lile bila jibu, wale watu watashuka.

Nilifikiri kwa sauti, kwa Kiturkana, kama mtoto. Hewa haimo. Grisi ipo. Basi kuna kitu kinachokula sauti ndani ya chuma. "Maji haya yanaacha nini kwenye sufuria?" nilijiuliza, na dada aliinua uso.

"Magadi meupe," alisema. "Na kwenye bomba pia. Mafuriko yalipolivunja, mafundi walikata kipande wakakitupa. Ninacho nyumbani. Nakalia."

"Kilete."

Alikimbia. Wakati yuko njiani nikabadilisha namna ya kufunga. Hadi hapo vichwa vyote vilikuwa upande mmoja, sauti inakwenda, inagonga ukuta wa pili, inarudi. Inavuka gome la magadi mara mbili na kufa njiani. Nikakiweka kimoja upande huu na kingine upande wa pili, vitazamane, sauti ivuke mara moja tu. Mashine ikakoroma namba, ikapoteza, ikakoroma tena. Ilikuwa sauti dhaifu mno, lakini ilikuwa sauti.

Dada aliporudi na kile kipande, tulichungulia ndani sisi watatu. Gome jeupe, gumu, nene kama kidole, limezunguka pande zote. Ile nafasi niliyokuwa nimeiambia mashine kwamba maji yanaipitia haikuwepo; njia yenyewe ilikuwa nyembamba kuliko hivyo. Nikapima kwa rula, nikaingiza kipimo kipya. Namba ikashuka. Ilishuka, ikashuka tena, hadi nikadhani mashine imeharibika.

Mama alikuwa na hesabu ya vituo, kwa sababu kamati yao ilikuwa imejaza ndoo kwa saa mkononi katika kila koki. Tukajumlisha mchangani. Maji yaliyopita lagani na maji yaliyofika kwenye koki yalikuwa karibu sawa. Tofauti yake ilikuwa ya matone, ya vali mbovu na mipira iliyochakaa. Tofauti ya karai.

Nilitazamia kwamba nitaruka kwa furaha. Nilikaa tu kwenye ukingo wa shimo. Nilimwambia dada kwa Kiturkana, "Hakuna aliyeiba." Akaweka mkono mdomoni. Ukingoni mtu akarudia maneno yangu, na upande wa kwetu wakaanza kupiga kelele.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa bado anatazama hesabu.

"Dada," aliniita. "Kama hakuna mwizi, maji iko wapi?"

"Hayapo, mama."

"Hayapo namna gani?"

"Hayakuwahi kutoka. Tangi halijai. Visima vinashindwa kulijaza, ndiyo maana bomba linavuta hewa."

Alikaa chini mchangani taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo. Rozari yake iliingia mchanga. "Mwizi banamukamataka," alisema. "Banamufunga, maji inarudia. Sasa hii tutafunga nani?" Kisha akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yakishuka na vumbi. Dada alimtazama. Hakumgusa, wala hakumwambia neno, ila alijongea mpaka kivuli chake kikamfunika yule mama, akasimama hivyo hadi mama alipomaliza kulia.

Injinia alifika kesho yake. Tulikwenda naye visimani, tukasikia pampu zikikohoa hewa kabla hata hatujafungua kifaa. Maji ya chini yalikuwa yameshuka. Alipima kila nilichokipima lagani, akatikisa kichwa, akasema ni kweli. Tuliandika taarifa pamoja, nayo ikapelekwa polisi.

Shemeji aliachiliwa bila neno la samahani. Karai walibaki nalo. Askari alisema ni kielelezo, na kesi haijafungwa rasmi. Nilipompeleka nyumbani kwa pikapu alikaa nyuma, hakutaka mbele. Njiani niligonga kioo kumuuliza kama ana njaa. Alisema anataka kuona mbuzi.

Mkutano wa Kalobeyei ulikuwa mbaya zaidi. Nilieleza habari za hewa na gome, nikaonyesha kile kipande cha bomba. Kijana mmoja wa kofia nyekundu alisimama.

"Madam, hizo ni story za jaba. Sema tu umefunika watu wako." Alimaanisha porojo za watafuna miraa.

Wengine wakapiga makofi. Yule mama alinyanyuka kwa shida, akashika kipande cha bomba akakibwaga mbele ya yule kijana. "Chungulia," alimwambia. "Weye mwenye macho ya kijana, chungulia." Alichungulia. Hakusema tena, lakini hakuna aliyeamini kwa furaha. Nilikuwa nimewanyang'anya mtu wa kumchukia, na sikuwa na maji ya kuwapa badala yake.

Saa za koki zikapunguzwa. Maboza, yale magari ya kubeba maji, yakaja kwa muda, kisha yakawa yanakuja siku nyingine na siku nyingine hayaji. Kisima kipya kilizungumzwa. Wataalamu wakaja wakatazama ardhi, wakaondoka. Mita ya kwanza ikahamishiwa lagani, kwenye shimo la zege, na mimi ndiye niliyeifunga. Sasa inasema kweli. Kila mwezi naenda kuisoma, na kila mwezi namba yake ni ndogo kuliko ya mwezi uliopita. Mama hunisubiri pale. Haulizi tena. Hutazama uso wangu, kisha hunipa habari za watoto wake.

Dada na mumewe walihama na mbuzi waliobaki, wakaelekea ziwani, upande wa Longech. Juzi alinipigia. Alisema maji huko hayana mwisho, jicho linachoka, lakini yana chumvi, na mbuzi wanaharisha. Wawili wamekufa. Nikamuuliza watafanya nini. Alisema shemeji amekwenda kutembea ufukweni kutafuta mahali ambapo akichimba huenda akapata maji matamu kidogo, na kwamba ameondoka tangu asubuhi, na kwamba anamwona kwa mbali, bado anainama na kuinuka.